Bibi wa Meli Alipokea kwa Watoto Tu

Jina lake nilikuja kulisikia kwenye spika, huko Muleba, siku ambayo natamani ningebaki nyumbani nikafua nguo. Sitaliandika. Kwangu na kwa wanangu alikuwa Bibi wa Meli, na aliyempa jina hilo ni binti yangu Koku, wakati huo hata kutamka "meli" vizuri kulikuwa kunamshinda.

Alikuwa mhudumu wa vyumba vya daraja la pili kwenye meli inayotoka Bukoba kwenda Mwanza. Kama ulisafiri nayo miaka ile ukiwa na watoto wadogo, utakuwa unamjua. Mwanamke mfupi, mwili umejaa, kanga ameifunga juu ya sare kwa sababu alisema sare yenyewe haina adabu, inambana mtu akiinama. Mkono mmoja ndoo, mkono mwingine tambara. Ndoo ile alikuwa haachani nayo. Hata akisimama kupiga soga aliiweka mguuni pake, na ukiisogeza kidogo tu anaikodolea macho mpaka uirudishe.

Mimi nauza vitenge sokoni Bukoba, na naishi Kashai, chumba na sebule. Baba wa watoto kazi yake iko Mwanza. Shule zikifungwa tulikuwa tunapanda meli kumfuata, mimi na Muta na Koku, na mabegi, na mkungu wa ndizi, kwa maana mume wangu anadai ndizi za Mwanza zinapikwa kama adhabu. Nasema haya ujue mimi ni mtu wa namna gani. Mtu anayeshinda sokoni akibishana bei na wateja haoni haya upesi. Basi aibu nitakayoisimulia ipime kwa kipimo hicho.

Watoto wote aliwaita abiria. "Abiria, fungua mdomo. Abiria, lala ubavu." Watu wazima wote aliwaita wazazi, wawe wamezaa au hawajazaa. Safari moja mchungaji kijana alimsahihisha, akamwambia yeye bado hajaoa. "Utaoa tu, mzazi," Bibi wa Meli akamjibu, "kwa sasa nishikie hii," akamshikisha ndoo, na mchungaji akaishika mpaka mtoto wa chumba cha pili alipomaliza shida zake.

Ziwa likichafuka, na baada ya bandari ya Kemondo huwa linachafuka kweli, yeye ndipo alipochangamka. Aliingia chumba hadi chumba. Mtoto akitapika, hakukunja uso wala hakusema pole kwa sauti ile ya kinafiki ambayo sisi wengine tunaitumia. Alimwinua, akamfuta mdomo, akamfuta shingo, akamgeuzia shuka upande mkavu, huku akimwongelesha mambo mengine kabisa, kama vile paka wa jikoni aliyewahi kupanda meli bila tiketi. "Kutapika si dhambi," alikuwa anasema. "Dhambi ni kutapikia shuka langu." Muta, ambaye nyumbani hakubali hata mimi nimpanguse kamasi, alimwachia uso wake wote.

Mfukoni alikuwa na kahawa ya kutafuna, zile punje zetu zinazochemshwa na majani kisha zikaanikwa, akamwani. Mama akianza kuyumba, alimtilia mdomoni. "Tafuna, mzazi, na usiongee." Hapo ningeweza kushtuka. Nani mwingine anatembea na akamwani mfukoni kama si mtu wa kwetu? Lakini safari ya kwanza nilimsalimu kwa Kihaya, nikamwambia wasibota waitu, naye akanijibu "Salama, mzazi, chumba chako kile," kavu kabisa. Nikajiambia huyu ni mtu wa Mwanza, kahawa amezoeshwa na abiria.

Sasa niseme habari ya bakshishi, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Kwetu, kumshikisha hela mtu aliyekuzidi umri, muda huohuo alipotoka kukusafishia mtoto, ni mtihani. Ukimpa, umemfanya kijakazi wako. Usipompa, umemnyonya na roho inakusuta. Watu wa Dar hawana taabu hiyo. Anachomoa noti, "Mama, ya soda hiyo," na simu bado iko sikioni. Sisi tunazunguka. Jirani yangu mmoja wa Kashai alikuwa anaiacha noti chini ya mto halafu anashuka melini mbiombio, ungedhani ameiba.

Bibi wa Meli alikuwa na utaratibu wake. Kwa mtu mzima hakupokea. Ukimnyooshea noti alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo. "Mzazi, mimi nina mshahara." Lakini mtoto akija nayo, alipokea. Mtoto anapiga magoti kama watoto wetu wanavyofundishwa, ananyoosha mikono miwili, naye Bibi wa Meli anapiga magoti vilevile, hapohapo koridoni kwenye maji maji, ndoo pembeni, wanatazamana uso kwa uso. Anaipokea kwa mikono miwili. Kisha anatoa punje ya kahawa mfukoni, anamwekea mtoto kiganjani ampelekee mama yake.

Nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anakamua tambara. "Mtu mzima akinipa, nimelipwa," akasema. "Mtoto akinipa, nimepewa."

Basi asubuhi, meli ikikaribia kutia nanga, korido ya daraja la pili ilikuwa kichekesho. Akina mama tunaamsha watoto, tunawapangusa matongotongo, tunawafumbatisha noti viganjani na kuwasukuma mlangoni. Kuna watoto walipiga magoti wakiwa bado wamelala. Koku wangu nilimfundisha na la kusema: "Bibi wa Meli, asante kwa kutusafisha." Nilimkaririsha kitandani mpaka akaliweza. Maneno yale ni yangu, si yake, na nataka hilo likumbukwe.

Usidhani alikuwa malaika. Ile noti aliipenda. Kama mtoto wako amechelewa kuamka, Bibi wa Meli alipita na kuchungulia. "Abiria bado amelala? Haya, nitarudi." Na kweli anarudi. Ukijifanya huelewi, anaanza kuongea na ndoo yake mlangoni pako, anaiambia ndoo jinsi ilivyochoka. Wapagazi aliwatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia, na alikuwa anayachomeka katikati ya nyimbo za kanisani, ubeti mmoja wa wokovu, tusi moja la mtu aliyekanyaga sakafu mbichi, kisha anarudi kwenye ubeti bila kukosea noti.

Muta ndiye aliyekuwa haelewi kwa nini hela itoke nyumbani kwetu iende kwa mtu mwingine. Siku moja nilimpa ampelekee, akaificha kwenye soksi, akarudi na uso mkavu kuniambia ameshatoa. Nikatoka kumuuliza Bibi wa Meli kama amepata. "Nimepata, mzazi, asante sana," akasema, na wakati huo Muta yuko nyuma yangu anachechemea na noti yake soksini. Nilikuja kuiona tulipofika kwa baba yake. Safari iliyofuata Muta mwenyewe alikwenda kumpigia magoti bila kutumwa, na mpaka leo hajaniambia walichoongea.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiona nikalipuuza. Meli ikifunga gati Kemondo, ambapo watu wengi wa kwetu wanapandia, Bibi wa Meli alikuwa haonekani. Anaingia kwenye kijichumba cha mashuka na kujifungia. Nilidhani anapumzisha miguu.

Mpaka siku ile Koku alipoteleza kwenye ngazi. Aliporomoka vidaraja vyote mpaka chini, na Bibi wa Meli, aliyekuwa chini, aliitupa ndoo. Ndoo ile. Akamdaka mtoto huku akipiga yowe, na yowe lile lilikuwa la Kihaya, cha ndani kabisa, cha mtu aliyekinyonya kwa mama yake. Koku hakuumia. Tulibaki tumekaa sakafuni kwenye maji, watatu, tunapumua. Yeye akanitazama.

Alinivuta kwenye kijichumba chake cha mashuka, akafunga mlango.

"Mimi ni wa Muleba," akasema, bado kwa Kiswahili. "Nyumbani wanajua nakata tiketi. Ofisini, Mwanza, na kiti changu."

Nikamwambia kazi ni kazi.

"Hiyo ni lugha ya melini, mzazi. Mimi nina binti, anasoma chuo. Siku wakija kumposa watauliza, mama yake anafanya nini? Unawajua watu wetu."

Nawajua, mimi ni mmoja wao. Tunapenda shule, tunapenda usafi, na tunapenda sana kuulizana nani ni nani. Mama anayepangusa matapishi ya watoto wa watu angegeuka hadithi ya kunywea lubisi, pombe yetu ya ndizi, wilaya nzima. Nikamwahidi halitatoka mdomoni mwangu. Na halikutoka. Hata mume wangu sikumwambia, na yeye namwambia mpaka bei ninazonunulia vitenge.

Baadaye akastaafu. Tulipanda meli tukamkuta kijana mmoja mpole, anapokea kwa mkono wowote unaompa, na ndoo anaiacha popote. Koku aliuliza Bibi wa Meli yuko wapi, nikamwambia amekwenda kwao kupumzika. Aliendelea kuuliza kila safari.

Mwaka jana walikuja sokoni wanawake wawili wa kamati, wanatafuta kitenge cha sare kwa ajili ya send-off huko Muleba. Walichukua mzigo mkubwa, pande zote mbili, wa kwao bibi harusi na wa kwao bwana harusi. Kwa furaha wakanialika. Muta alikuwa kwa baba yake, kwa hiyo nilikwenda na Koku, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili na anajiona mtu mzima. Tulipanda basi asubuhi, mwanangu amevaa gauni la kitenge kilekile cha sare nililomshonea kwa vipande vilivyobaki.

Palikuwa pamependeza. Maturubai yamefungwa mbele ya migomba, viti vina mashuka meupe, wakwe wameketi upande wao wakiwa wametulia, wanapima kila kitu kwa macho. Mshereheshaji alianza kutambulisha. Akasema sasa tumpokee mama mzazi wa binti yetu, mstaafu wa ofisi ya tiketi Mwanza, akataja jina. Mama mzazi akainuka kupunga mkono.

Alikuwa amesukwa vizuri, amevaa kitambaa cha hariri, shingoni ana shanga za bei. Mikono ilikuwa ileile. Alinyoosha macho kwenye meza zetu akimwangalia kila mtu, akafika kwangu. Hakutingisha kichwa wala nini. Alisimamisha macho kidogo tu, kisha akaendelea. Nikaelewa. Nikainamia sahani yangu, nikajisemea, leo hunijui nami sikujui, mama yangu, sherehekea kwa amani. Nilijisifu moyoni kwa jinsi nilivyo mtu wa siri.

Ukafika wakati wa kumtunza bibi harusi. Muziki unapigwa, meza zinaitwa moja moja, watu wanakwenda mbele wakicheza na noti zao. Meza yetu ikaitwa. Mimi nikaona nikienda nitasimama ana kwa ana na yule mama, na uso wangu naujua, hauwezi kuficha kitu karibu. Nikatoa noti, nikampa Koku.

"Nenda na wenzako ukamtunze bibi harusi. Mimi miguu inauma."

Ndivyo nilivyozoea. Pakiwa pagumu, natuma mikono ya Koku. Nilikuwa nimeitumia miaka yote hiyo, nikasahau kwamba ina mwenyewe, na mwenyewe ana macho.

Alikwenda akicheza. Alipofika mbele akasimama. Nilimwona mgongo wake tu, na bado nilijua. Akampita bibi harusi. Akaenda mpaka kwenye kiti cha mama mzazi, akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili na noti juu yake. Mshereheshaji akaona utamu huo, mtoto mzuri, gauni la sare, adabu ya Kihaya hasa. Akazima muziki, akainama na maiki. "Jamani, msikilizeni mjukuu. Unamwambiaje bibi?"

"Bibi wa Meli, asante kwa kutusafisha."

Lilitoka vizuri, neno kwa neno, likasikika turubai zima.

"Alikusafisha nini, mrembo?"

"Matapishi. Mimi na Muta. Ana ndoo."

Watu wakacheka kwanza, kama wanavyochekea mtoto. Kisha kicheko kikakatika upande wa wakwe. Mama mmoja, amevaa kitenge nilichomuuzia mwenyewe, alimwinamia mwenzake sikioni, na mwenzake akamgeukia wa tatu.

Niliiona mikono ya Bibi wa Meli ikiinuka. Ilikuwa inakwenda kupokea, kwa mazoea. Ikafika nusu, ikarudi mapajani.

"Mjukuu wangu," akasema kwenye maiki, kwa upole, "umenifananisha."

Koku hakuinuka. "Hapana," akasema. "Ni wewe."

Mshereheshaji akacheka cheko la kuokoa jahazi, akauliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikasimama. Watu wote wale, na bibi harusi ameshika kifua, na Koku amegeuza shingo ananitazama, amefurahi kwamba nimesimama, kwa sababu mama anajua, mama atasema.

"Amemfananisha," nikasema. "Tusameheni sana. Yule wa melini ni mtu mwingine. Mrefu, mwembamba."

Hilo la mrefu na mwembamba hakuna aliyeniomba. Nililiongeza mwenyewe, kama muuza duka.

"Watoto, jamani," mshereheshaji akasema, akawasha muziki. Wakwe wakalegea. Mambo yakaenda vizuri kabisa baada ya hapo, na posa haikuvunjika, na ndoa ilifungwa. Koku alirudi mezani akaiweka noti kando ya soda yangu, akainyoosha kwa kiganja. Hakulia. Angelia ningekuwa na la kufanya, ningembeba. Alikaa akatazama mbele mpaka chakula kilipokwisha, na nilipomwambia pole mwanangu alisema, "Sijaumia."

Tuliondoka kabla ya keki, jua bado liko juu, nikisingizia basi. Njia ya kutokea ilipita nyuma ya jiko, kwenye migomba. Alikuwa amesimama pale peke yake. Sijui alitoka vipi mbele ya wageni wote wale. Hariri yake ilikuwa imeshika majivu kwenye pindo.

Hakunitazama mimi. Alipiga magoti kwenye majani makavu ya migomba, kama alivyokuwa akipiga kwenye korido, akawa sawa na Koku uso kwa uso. Akafumbua viganja. Vilijaa kahawa.

"Abiria," akasema. "Njoo, upokee."

Koku alivitazama viganja vile. Nilikuwa nyuma yake, nikaomba Mungu amkimbilie, amkumbatie, atuondolee. Nilikuwa naomba tena mikono yake inifanyie kazi yangu.

"Shikamoo," Koku akasema, kwa adabu yote niliyomfundisha. "Samahani, nilikufananisha." Na akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

Bibi wa Meli alibaki magotini, viganja wazi. Mshereheshaji alikuwa anamwita kwenye spika, jina lake lote. Hapo ndipo aliponiinulia macho, na sikuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Nikapiga hatua, nikakinga mikono yangu.

Akanimiminia zote. Safari zote zile Koku aliniletea punje moja. Sasa zilijaa mikono yangu miwili, nyingine zikadondoka chini, na hakuna aliyeinama kuziokota. Mtu mzima alikuwa amenipa. Nikajua nimelipwa.